Bonanza la padeli kazini

Bonanza la padeli kazini ni shughuli ya michezo ambayo kampuni, shule, hospitali au ofisi ya serikali huwaandalia watumishi wake kwa kutumia mchezo wa padeli, ili wafahamiane, wazoeane na kushirikiana vizuri zaidi katika kazi. Kwa kawaida huchukua saa mbili hadi nusu siku.

Padeli ni mchezo wa raketi unaochezwa na watu wanne, wawili kila upande, katika uwanja mdogo uliozungukwa na kuta za kioo na uzio wa waya. Mtu ambaye hajawahi kushika raketi anaweza kuanza kuucheza siku hiyohiyo, na ndiyo sababu waajiri wengi huuchagua. Hata hivyo mchezo peke yake hauleti umoja. Bonanza lililopangwa vibaya huweza kumwaibisha mfanyakazi mbele ya wakubwa wake, kumwumiza, au kuwaacha wengi wakiwatazama wachache wenye ujuzi. Tofauti hutokana na maandalizi: nani anacheza na nani, kwa muda gani, pointi zinahesabiwaje, na anayekataa kucheza anatendewaje.

## Asili ya mchezo

Padeli ilianzishwa mwaka 1969 na Enrique Corcuera nyumbani kwake katika mji wa Acapulco, Meksiko. Eneo alilokuwa nalo halikutosha uwanja wa tenisi, hivyo alijenga uwanja mdogo wenye kuta, na mpira uliogonga ukuta ukaruhusiwa kuendelea kuchezwa. Mwaka 1974 rafiki yake Alfonso de Hohenlohe, aliyeuona mchezo huo Meksiko, alijenga viwanja huko Marbella, kusini mwa Hispania. Baada ya muda mfupi mchezo ulifika pia Argentina. Nchi hizo mbili, Hispania na Argentina, ndizo zilizotoa wachezaji wengi mashuhuri, akiwemo Fernando Belasteguín wa Argentina, aliyeshika nafasi ya kwanza duniani kwa miaka 16.

Shirikisho la Kimataifa la Padeli, linalojulikana kwa kifupi kama FIP, liliundwa mwaka 1991. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Hispania mwaka 1992. Mwaka 2023 padeli ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Ulaya, iliyofanyika Kraków na maeneo ya jirani nchini Polandi.

Katika karne ya 21 mchezo umeenea Italia, Uswidi na nchi za Ghuba. Mashindano ya dunia yalifanyika Doha mwaka 2021 na Dubai mwaka 2022. Nchini Uswidi kumbi nyingi zilijengwa haraka wakati wa janga la UVIKO-19, kisha kampuni nyingi zilizoziendesha zikafilisika wateja walipopungua. Katika Afrika ya Mashariki, viwanja vya kukodi vinapatikana katika miji mikubwa kama Nairobi.

## Uwanja, vifaa na kanuni

Uwanja wa padeli una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10. Wavu unaogawa uwanja una kimo cha sentimita 88 katikati na sentimita 92 kwenye ncha. Mstari wa kuanzishia mpira uko mita 6.95 kutoka kwenye wavu, kila upande. Sakafu huwa mara nyingi ya nyasi bandia zilizonyunyiziwa mchanga.

Raketi ya padeli haina nyuzi kama ya tenisi. Ni kipande kimoja kigumu chenye matundu, kisichozidi urefu wa sentimita 45.5, na kina kamba ambayo mchezaji lazima aivae mkononi ili raketi isimponyoke. Mpira unafanana na wa tenisi, ila mara nyingi hauna shinikizo kubwa kama huo.

Kanuni ambazo mchezaji mpya anahitaji kuzijua ni chache:

* Anayeanzisha husimama nyuma ya mstari wake, huudundisha mpira chini, kisha huupiga usawa wa kiuno au chini yake, kuelekea kisanduku cha mshazari upande wa pili. Ana nafasi mbili.
* Mpokeaji lazima auache mpira wa kuanzisha udunde kwanza. Baada ya hapo mpira unaweza kupigwa ukiwa bado hewani.
* Mpira ukishadunda mara moja chini unaweza kugonga ukuta na bado ukachezwa. Ukidunda chini mara mbili, pointi imekwenda kwa wapinzani.
* Mpira unaovuka wavu na kugonga ukuta wa wapinzani kabla ya kudunda chini ni kosa la aliyeupiga.
* Mchezaji anaruhusiwa kuupiga mpira kwenye kioo cha upande wake ili uruke na kuvuka wavu.
* Mchezaji akigusa wavu, au mpira ukigusa mwili wake, hupoteza pointi.

Katika mashindano pointi huhesabiwa kama za tenisi: 15, 30, 40, gemu na seti. Katika bonanza la kazini hesabu hiyo huachwa mara nyingi, kwa kuwa huwachanganya wageni wa mchezo na haimwezeshi mwandaaji kujua mechi itaisha saa ngapi.

## Sababu za kuchagua padeli

Michezo kazini si jambo geni Afrika ya Mashariki. Nchini Tanzania, kwa mfano, watumishi wa wizara na idara za serikali hukutana katika michezo ya SHIMIWI, na wa mashirika ya umma na kampuni katika michezo ya SHIMUTA. Humo huchezwa mpira wa miguu, netiboli, kuvuta kamba na mingineyo. Ofisi nyingine huandaa bonanza lao wenyewe mwishoni mwa wiki.

Kuvuta kamba kunasaidia kueleza faida mojawapo ya padeli. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu waliovuta kwa pamoja, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aligundua kwamba kadiri kundi lilivyokua, ndivyo kila mtu alivyotoa sehemu ndogo zaidi ya nguvu zake. Katika kundi la watu wanane, kila mmoja alitoa takriban nusu ya uwezo aliouonyesha akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo hutokana na watu kutovuta kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ni kutegea: mtu hupunguza bidii anapojua kwamba mchango wake hauonekani. Wanasaikolojia wa Marekani walilithibitisha jambo hilo mwaka 1979 kwa majaribio ya kupiga makofi na kupiga kelele katika makundi.

Katika padeli kila upande una watu wawili tu. Hakuna wa kutegea, na hakuna anayeweza kucheza peke yake, kwa sababu mmoja akikimbilia upande mmoja huacha nusu ya uwanja wazi. Wachezaji hulazimika kusemezana kila mara: "Wangu!", "Wako!", "Acha!" Mpira ukipita katikati yao bila kuguswa, kwa kawaida sababu ni kwamba hawakuzungumza.

Sababu nyingine ni hizi:

* Mpira huanzishwa kwa mkono wa chini, hivyo nguvu na kimo cha mtu si sharti la kuanza mchezo.
* Kuta huurudisha mpira uliompita mchezaji, na hivyo humpa nafasi ya pili.
* Ukubwa wa uwanja unawaruhusu wenza kusikilizana bila kupaza sauti sana.
* Mahali ambapo mchezo bado ni mgeni, mkurugenzi na dereva huanza wote wakiwa wanafunzi.

Padeli ina upungufu wake pia. Uwanja mmoja hubeba watu wanne tu kwa wakati mmoja, na kodi yake hulipwa kwa saa. Ofisi yenye watumishi 60 na viwanja viwili itakuwa na watu 52 waliokaa. Kwa kundi kama hilo netiboli, mpira wa miguu au matembezi ya pamoja hufaa zaidi, au watumishi wagawanywe katika siku tofauti.

## Maandalizi

### Lengo

Mwandaaji huanza kwa kuandika sentensi moja inayoeleza bonanza ni la nini. Kuwakaribisha waajiriwa wapya, kuzikutanisha idara mbili zilizounganishwa, na kupumzika baada ya kufunga hesabu za mwaka ni malengo matatu tofauti. La kwanza linahitaji kila mgeni acheze na kila mwenyeji. La pili linahitaji watu wa idara hizo wawe wenza, kwani idara moja ikipambana na nyingine huimarisha mgawanyiko uleule uliokusudiwa kuondolewa. La tatu halihitaji hata kuhesabu pointi.

### Idadi ya watu na viwanja

Hesabu ya msingi ni watu wanne kwa uwanja mmoja. Watu sita kwa uwanja bado wanawezekana, ambapo wanne hucheza na wawili hupumzika. Kila mmoja atacheza theluthi mbili za muda. Wakizidi hapo, kukaa kunakuwa kwingi na watu huanza kushika simu zao. Watu wanane kwenye viwanja viwili ndiyo idadi iliyo rahisi kuipangia ratiba.

### Siku na saa

Bonanza linalofanyika ndani ya saa za kazi huwafikia wengi zaidi kuliko la Jumamosi, kwa sababu wenye watoto wadogo, wenye wagonjwa nyumbani na wanaoishi mbali hawalazimiki kuchagua. Likifanyika nje ya saa za kazi, usafiri wa kurudi nyumbani upangwe mapema. Sala ya Ijumaa, Sabato, ibada za Jumapili na mwezi wa Ramadhani huzingatiwa kabla ya kukodi uwanja. Kwenye uwanja usio na paa, hasa maeneo ya pwani, saa za asubuhi na jioni hufaa kuliko mchana.

### Gharama

Gharama za kawaida ni kodi ya uwanja, kukodi raketi, mipira, mkufunzi, maji na chakula, usafiri, na mtu wa huduma ya kwanza. Kodi ya uwanja hukokotolewa kwa kuzidisha idadi ya viwanja kwa idadi ya saa. Viwanja viwili kwa saa mbili ni saa nne za kulipia. Bonanza likiwa ni la kazi, mwajiri ndiye anayelipa. Kuwachangisha watumishi huwafungia nje wenye mishahara midogo, ambao mara nyingi hawatasema kwamba fedha ndiyo sababu ya kutokuja.

### Tangazo

Tangazo huonyesha mahali, muda, mavazi na viatu, kwamba hakuna ujuzi unaohitajika, na kwamba kuna majukumu kwa wasiocheza. Viatu huwa vya michezo vyenye soli bapa inayoshika sakafu. Viatu vya mpira wa miguu vyenye njumu havifai. Mavazi ya heshima kama hijabu, mikono mirefu au suruali pana hayazuii mtu kucheza, na tangazo likilisema hilo waziwazi huwaondolea wengi wasiwasi.

## Ratiba ya kubadilishana wenza

Njia ya mkato ni kuwaacha watu wachague wenza wao na kufanya mashindano ya mtoano. Ndiyo njia isiyofaa zaidi kwa bonanza la kazini. Marafiki hucheza na marafiki, na nusu ya washiriki hutolewa baada ya mechi moja. Kwa kawaida hao ndio waliohitaji kucheza zaidi.

Wachezaji wa padeli hutumia mfumo uitwao Americano. Katika mfumo huu kila mtu hushindana kwa jina lake mwenyewe, lakini hubadilisha mwenza kila raundi. Pointi ambazo jozi inapata huandikwa kwa kila mmoja wa wawili hao. Hakuna anayetolewa.

Kwa watu wanane na viwanja viwili, raundi saba zinatosha ili kila mtu awe mwenza wa kila mtu mara moja, na mpinzani wa kila mtu mara mbili. Washiriki hupewa namba 1 hadi 8 kwa kura, kisha hufuata ratiba hii:

* Raundi ya 1: uwanja A, 8 na 7 dhidi ya 4 na 5; uwanja B, 1 na 3 dhidi ya 2 na 6.
* Raundi ya 2: uwanja A, 8 na 1 dhidi ya 5 na 6, uwanja B, 2 na 4 dhidi ya 3 na 7.
* Raundi ya 3: uwanja A, 8 na 2 dhidi ya 6 na 7, uwanja B, 3 na 5 dhidi ya 4 na 1.
* Raundi ya 4: uwanja A, 8 na 3 dhidi ya 7 na 1, uwanja B, 4 na 6 dhidi ya 5 na 2.
* Raundi ya 5: uwanja A, 8 na 4 dhidi ya 1 na 2, uwanja B, 5 na 7 dhidi ya 6 na 3.
* Raundi ya 6: uwanja A, 8 na 5 dhidi ya 2 na 3, uwanja B, 6 na 1 dhidi ya 7 na 4.
* Raundi ya 7: uwanja A, 8 na 6 dhidi ya 3 na 4, uwanja B, 7 na 2 dhidi ya 1 na 5.

Kila mechi huwa na pointi 16 kwa jumla, na kila mchezaji huanzisha mpira mara nne. Matokeo yanaweza kuwa 9 kwa 7 au 12 kwa 4. Jozi ikipata 9, kila mmoja wa wawili hao huandikiwa 9; wapinzani wao huandikiwa 7 kila mmoja. Sare ya 8 kwa 8 inaruhusiwa.

Mwandishi wa pointi ana njia rahisi ya kukagua kazi yake. Kila mechi huandika pointi 32 kwenye karatasi, yaani 16 mara mbili. Mechi ziko 14, hivyo jumla ya pointi za washiriki wote wanane mwishoni lazima iwe 448, na wastani wa kila mtu ni 56. Jumla ikiwa tofauti, kuna kosa mahali fulani, na lirekebishwe kabla ya kutangaza matokeo.

Faida ya mfumo huu ni kwamba mchezaji dhaifu hawi mzigo wa mtu mmoja mchana kutwa: kila mmoja huwa naye raundi moja tu, na mwenye ujuzi vilevile. Anayetaka kushinda analazimika kuwasaidia wenza saba tofauti, kwa sababu pointi zake zinawategemea wote. Mshiriki mmoja asipofika, mkufunzi au mwandaaji hushika namba yake.

Watu wakiwa 12 kwenye viwanja viwili, wanane hucheza na wanne hupumzika kwa zamu. Wanaopumzika huamua mechi na kuokota mipira. Wakiwa 16, huwekwa makundi mawili ya watu wanane, kila kundi na viwanja vyake viwili.

Mfumo mwingine ni Mexicano, ambapo jozi za raundi inayofuata hupangwa kwa kuangalia pointi zilizokwisha kupatikana, ili wenye uwezo wa karibu wakutane. Mechi huwa kali zaidi, lakini baada ya raundi chache wasiojua hujikuta wakicheza wao kwa wao. Kwa hiyo Mexicano hufaa zaidi kwa wazoefu.

## Mpangilio wa saa mbili

Ufuatao ni mfano wa mpangilio kwa watu wanane na viwanja viwili:

* Dakika 0–10: kukaribishana na kupasha mwili moto.
* Dakika 10–25: mafunzo ya mambo matatu tu, yaani kushika raketi, kuanzisha mpira, na kuusubiri mpira urudi kutoka kwenye kioo.
* Dakika 25–110: raundi saba za dakika kumi hivi, zikiwa na mapumziko mafupi ya kunywa maji na kubadilisha wenza.
* Dakika 110–120: kujumlisha pointi, kunyoosha viungo na kutangaza matokeo.

Wakufunzi wengi huhitimisha mafunzo kwa zoezi la pamoja, kwa mfano watu wanne kupitisha mpira juu ya wavu mara 20 bila kuukosa. Kwa kuwa wote wanne wanataka mpira uendelee, hupigiana kwa upole, na anayeanza hupata mazoezi kabla ya kuwa na mpinzani. Muda ukibana, hupunguzwa raundi ya mwisho, mafunzo hayapunguzwi.

## Usalama

Wengi wanaokuja kwenye bonanza hukaa kitini siku nzima na hawajakimbia kwa miaka. Padeli ina mwendo mfupi wa ghafla, kugeuka na kurudi nyuma, na majeraha yake ya kawaida ni kuteguka kifundo cha mguu, kuchanika misuli ya shavu la mguu, na maumivu ya kiwiko na bega. Kupasha mwili moto kwa dakika kumi na kuvaa viatu vinavyofaa hupunguza hatari hiyo.

Mambo mengine ya kuzingatia:

* Kamba ya raketi huvaliwa wakati wote.
* Wachezaji wawili hawaukimbilii mpira mmoja; anayeuita ndiye anayeupiga.
* Mpira kutoka uwanja wa jirani ukiingia, mchezo husimama mara moja, kwa kuwa anayekanyaga mpira huanguka vibaya.
* Mpira unaopigwa kutoka karibu unaweza kuumiza jicho. Miwani ya kinga ya michezo husaidia.
* Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, au mjamzito hupata ushauri wa daktari kwanza.
* Maji, barafu, sanduku la huduma ya kwanza na namba ya gari la wagonjwa huwa tayari kabla ya mpira wa kwanza.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusikokwisha ni sababu ya kusimamisha mchezo na kutafuta tabibu, hata mhusika akisema kwamba yuko sawa. Mbele ya wakubwa na wenzake mtu huona haya kuonekana amechoka, kwa hiyo mwandaaji haachi uamuzi huo mikononi mwake peke yake.

Kuhusu fidia, mwandaaji huuliza mapema kwa maandishi kama bima ya mwajiri inahusu shughuli za michezo nje ya ofisi. Nchini Tanzania swali hilo huweza pia kupelekwa kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kuuliza baada ya mtu kuvunjika mkono huwa ni kuchelewa.

## Hiari na heshima

Kushiriki ni kwa hiari. Mtu anaweza kukataa kwa sababu ya ugonjwa asiotaka kuutaja, imani, umri, au kwa kuwa hapendi. Hahitaji kutoa sababu, na kutocheza kwake hakuandikwi popote wala hakutajwi wakati wa kupima utendaji wake. Mwaliko wa mkuu wa idara ukisema "wote mnatakiwa", neno hiari limeshakufa.

Asiyecheza anaweza kuwa mwamuzi, mwandishi wa pointi, mtunza muda au mpiga picha. Majukumu hayo hugawanywa bila kuangalia jinsia wala cheo. Bonanza ambalo wanaume hucheza na wanawake hugawa chakula, au ambalo mhudumu wa ofisi huendelea kuwahudumia wenzake wakati wao wanacheza, hurudia uwanjani ngazi zilezile za ofisini.

Watu wenye ulemavu huulizwa wenyewe wanachohitaji. Ipo padeli ya viti vya magurudumu, ambayo huruhusu mpira udunde mara mbili. Mwandaaji hukagua mlango wa uwanja, vyoo na njia ya kuingilia kabla ya kulipa.

Viongozi hucheza kwa namba waliyopata kwenye kura kama watu wengine. Hawakosoi mchezo wa aliye chini yao, na mazungumzo ya kazi huachwa nje ya uzio. Utani kuhusu unene, umri au uchezaji wa mtu hukatazwa tangu mwanzo, kwa kuwa hurudi naye ofisini Jumatatu. Matokeo yanapotangazwa, hutajwa watatu wa kwanza tu. Orodha nzima haibandikwi ukutani. Picha husambazwa kwa idhini ya waliomo, hasa za mtu aliyeanguka.

## Baada ya bonanza

Ndani ya siku chache mwandaaji huwauliza washiriki maswali machache bila majina: Je, ulicheza vya kutosha? Je, ulizungumza na mtu ambaye hukuwa unamfahamu? Je, kuna jambo lililokukera? Ungependa kurudi? Waliokataa kushiriki nao huulizwa, kwa sababu majibu yao ndiyo yanayoonyesha kasoro ambazo waliofurahi hawakuziona.

Matokeo yasitarajiwe makubwa kuliko shughuli yenyewe. Mwaka 1965 mwanasaikolojia wa Marekani Bruce Tuckman alieleza kwamba kundi hupitia hatua nne: kuundwa, kuzozana, kukubaliana na kutenda kazi. Saa mbili za padeli zinaweza kusaidia katika hatua ya kwanza, watu wanapojifunza majina na tabia za wenzao. Mzozo unaotokana na mishahara isiyo ya haki, majukumu yasiyoeleweka au msimamizi asiyesikiliza hautatuliwi uwanjani, na watumishi huweza kuliona bonanza kama njia ya kuwafunga midomo. Malalamiko ya aina hiyo hushughulikiwa kwanza katika kikao cha kazi, na mchezo hufuata baadaye.

Pale ambapo mchezo umependwa, njia ya gharama nafuu ni kuurudia kidogokidogo: uwanja mmoja, saa moja kila mwezi, wanne wakijiandikisha kwa zamu. Orodha huachwa wazi kwa kila mtumishi, na nafasi hutolewa kwanza kwa ambaye hajacheza.

## Tazama pia

* Tenisi
* Skwoshi
* Netiboli
* Kuvuta kamba
* Huduma ya kwanza